Kidole tumbo kutibiwa kwa dawa: tafiti zimesema ndio, ila angalia walimtibu nani

Mbukwenyi wadau. Mwezi uliopita shemeji yangu wa Kibaigwa, yule anayefanya biashara ya mahindi pale sokoni, alinitumia voisi saa tano usiku anaugulia kabisa, "shem, tumbo lilianzia kitovuni jana, sasa limehamia kulia huku chini, jirani hapa ananiambia siku hizi kidole tumbo hakipasuliwi, kinamezewa dawa tu, ni kweli?" Nikamwambia usile kitu, usinunue dawa yoyote pale dukani, tafuta gari usiku huu huu uje Dodoma. Jibu la swali lake ni refu, ndo maana naandika hapa, mimi kazi yangu ni upasuaji na hilo swali naulizwa kliniki karibu kila wiki.

Kwanza tuzitoe zabibu kwenye kesi. Hapa kwetu msimu wake ukifika kila mama anamkemea mtoto asimeze mbegu, zitaingia kwenye kidole tumbo, na kama sio zabibu ni mapera, kama sio mapera ni mchanga kwenye ugali. Vidole tumbo nimeshatoa vingi na nina tabia ya kuvipasua niangalie ndani, mbegu ya zabibu bado sijaikuta, labda siku moja. Tunachokuta sana ni kijiwe, yaani kinyesi kilichokauka kikaziba mdomo wa kale kamrija, au kwa watoto na vijana vitezi vya ukutani vimevimba tu, na mara mojamoja minyoo midogo au mayai ya kichocho. Kikishaziba, ute unaendelea kutoka na hauna pa kwenda, kinajaa, presha inapanda, damu inashindwa kupita, bakteria wanapata sherehe, na ukuta ukishaoza unatoboka. Maumivu yanaanza kitovuni kwasababu neva za utumbo hazijui kuonyesha mahali sawasawa, ila uvimbe ukigusa ngozi laini inayofunika tumbo kwa ndani, hapo mtu anaweka kidole kabisa anakwambia dokta ni hapa.

Sasa unajuaje kwamba ndicho chenyewe? Mwaka 1986 daktari Alfredo Alvarado alitoa hesabu ya pointi 10 ambayo tunaitumia mpaka leo, na mimi naipenda kwasababu haihitaji mashine kubwa, ni mikono yako, kipimajoto na FBP, kile kipimo cha damu cha kuhesabu chembe zake. Maumivu kuhama 1, kukosa hamu ya kula 1, kichefuchefu au kutapika 1, kuuma ukibonyezwa kulia chini 2, kuuma zaidi ukiachia mkono ghafla 1, joto kupanda 1, chembe nyeupe kuzidi 10,000 unapata 2, na neutrofili, aina mojawapo ya hizo chembe nyeupe, kuwa nyingi 1. Watu wanadhani uzuri wake ni kukuonyesha nani anacho, hapana, uzuri wake ni kukuonyesha nani HANA. Tafiti zilipokusanywa pamoja ikaonekana ukiwaruhusu walio chini ya 5, katika wagonjwa 100 wa kidole tumbo kweli unamkosa kama mmoja hivi. Kwa wanaume inafanya vizuri, kwa watoto inayumba, kwa wanawake inazidisha, na hili nimelilipia mwenyewe. Dada mmoja alikuwa na pointi 7, nikamwingiza thieta, nafungua nakuta kidole tumbo kisafi hakina neno, shida ilikuwa kifuko cha maji kwenye ovari kilichojinyonga. Altrasaundi ingenionyesha, ila jioni ile mtaalamu wake alikuwa ameshaondoka na mimi sikutaka kusubiri. Tangu siku hiyo mwanamke wa umri wa kuzaa hapiti kwangu bila kipimo cha mimba na altrasaundi, maana mimba iliyotunga nje ya kizazi nayo inauma upande uleule na inaua haraka kuliko kidole tumbo.

Kinachoniudhi zaidi ya kosa langu ni hili la "UTI sugu na taifodi". Mtu anaumwa tumbo, anapimwa Widal, kile kipimo cha damu cha taifodi, inasoma, anaanzishiwa sindano. Widal inaweza kusoma kwasababu uliwahi kuumwa zamani au kwasababu ya kimelea kingine kabisa, na mkojo wenye chembe nyeupe chache unaweza kuonekana pia kidole tumbo kikiwa kimelala karibu na kibofu au mrija wa mkojo. Kijana mmoja aliletwa siku ya sita, ameshamaliza sindano tano za taifodi kituo fulani, tumbo gumu kama ubao, tukanyonya usaha hadi nesi akabadilisha chupa. Mama yake aliniambia siku ya tatu maumivu yalipungua ghafla wakamshukuru Mungu. Kumbe ndo kilipasuka.

Haya, dawa. Ni kweli tafiti zipo na ni nzuri, sio maneno ya mtaani. Kule Finland walichukua watu wazima 530, wengine wakapasuliwa, wengine wakapewa antibayotiki, siku tatu za mshipani alafu siku saba za vidonge. Baada ya mwaka mmoja, katika kila 100 waliopewa dawa 27 walikuwa wameshapasuliwa, na baada ya miaka mitano wakafika 39. Marekani nao wakafanya la kwao kubwa zaidi, watu 1,552 kwenye hospitali 25, matokeo yakatoka 2020: ndani ya siku 90 watu 29 katika 100 wa kundi la dawa walipasuliwa, ila ukiwagawa unaona kitu, wenye kijiwe ni 41 na wasio nacho ni 25. Walipofuatiliwa miaka mitatu minne mbele karibu nusu wakawa wameishia kwenye kisu. Ukitaka kulisoma kwa upande wa pili, nusu HAWAKUPASULIWA, na hiyo sio habari ndogo.

Alafu kuna jaribio dogo la Finland, watu 66 tu, ambalo mimi naliona tamu kuliko yote. Kundi moja likapewa antibayotiki, lingine likapewa dawa ya uongo isiyo na kitu ndani, wote wako wodini wanaangaliwa. Siku kumi baadaye wa antibayotiki 97 katika 100 walikuwa poa, na wa dawa ya uongo 87! Tofauti ipo, ila kwa watu wachache vile huwezi kuapa kwamba sio bahati tu. Maana yake ni kwamba kidole tumbo chepesi kingine kinatulia chenyewe, na nikafikiria wale wazee wanaoniambia "nilikunywa mizizi kikapona", nilikuwa nacheka moyoni, sasa sicheki sana. Mizizi ilikuwepo tu kikiwa kinapona.

Ila sasa ona walimtibu nani. Karibu wote walithibitishwa kwa picha, na kule Finland ilikuwa CT skani, kijiwe kikionekana huingii. Wamarekani waliwapokea wenye kijiwe ila waliwakataa wenye tumbo zima kuwa gumu, wenye jipu lililojitenga, na wenye maambukizi yaliyoshusha presha. Walipewa dawa kamili za mshipani, sio Flagyl sita na ampiklox za kugawana na jirani. Na hali ikibadilika mtu anarudi mara moja. Hapa tuna CT Dodoma mjini, ila mgonjwa wangu anaweza kuwa anatoka ndani huko Mpwapwa au Bahi, mvua ikinyesha korongo limejaa, bodaboda haipiti, sasa huyo nikimpa vidonge akarudi kwao nimemfanyia utafiti gani? Wa mjini, hana kijiwe, hana umri wa kunitia wasiwasi wa uvimbe mwingine humo ndani, anaweza kufika hospitali ndani ya saa moja, huyo tunakaa tunaongea. Mwalimu mmoja alichagua dawa, mpaka leo ananisalimia sokoni Majengo yuko vizuri.

Jambo jingine la kuwatuliza ndugu wanaogombana na manesi mlangoni. Utafiti wa Finland na Norway, watu zaidi ya 1,800, ulilinganisha kupasuliwa ndani ya saa 8 na ndani ya saa 24 kwa kidole tumbo ambacho hakijaleta madhara, waliokutwa kimepasuka ni 8 katika 100 kwa 9 katika 100, yaani hakuna tofauti ya maana. Kusubiri hadi asubuhi ukiwa wodini na dripu na antibayotiki ni sawa. Kusubiri siku nne nyumbani ndo habari nyingine. Na dawa ya maumivu mpeni jamani, ile hofu ya zamani kwamba inaficha ugonjwa ilishapimwa, daktari hapotei kwasababu mgonjwa hapigi kelele.

Turudi kwa shem. Alifika saa tisa usiku, pointi 8, altrasaundi ikaonyesha kidole tumbo kipana kisichobonyea, CT ikasema hakuna kijiwe na hakijapasuka. Alikuwa anafaa kabisa kwa dawa. Nikamwekea namba zote kama nilivyoandika hapa, akanisikiliza amejikunja pembeni ya kitanda, alafu akaniuliza, "shem, kwaiyo mzigo wa gunia 100, gunia 39 zitarudi, na sijui zitarudi lini?" Nikamwambia ndio, ndani ya miaka mitano. Akasema huo mzigo yeye hanunui, na zikirudi zitarudi mwezi wa saba soko limechangamka, kata. Tulimfanyia saa mbili asubuhi, hakikuwa kimepasuka, siku ya pili akaruhusiwa.

Juzi kapiga simu anauliza lini ataruhusiwa kubeba gunia. Nikamwambia wiki sita. Akakata simu.