Maziwa Hayafiki Mvuke wa Zebaki Unapokwenda

Mchomaji mwingine wa dhahabu kutoka Geita, yaani anayechoma mchanganyiko wa dhahabu na zebaki ili zebaki itoke kama mvuke, amefika kliniki hapa Mwanza akiwa na mikono inayotetemeka, na kwa mara nyingine nimeelezwa kwa kujiamini kabisa kwamba haiwezi kuwa zebaki, kwa sababu kila akimaliza kuchoma hunywa maziwa. Sina ugomvi na maziwa, ila yanakwenda tumboni, ilhali mvuke unaingia mapafuni. Zebaki ukiimeza, karibu yote hutoka na choo. Mvuke wake ukiuvuta, takriban asilimia 80 hubaki mwilini. Ukishapenya kutoka kwenye damu hadi kwenye ubongo, hubadilika kikemia na kunaswa humo. Hata DMSA, dawa inayotolewa mahsusi kwa sumu za metali, huongeza zebaki kwenye mkojo huku ile ya ubongoni ikiigusa kidogo mno, kwa hiyo sioni maziwa yametumwa kufanya nini.

Kinachonikera zaidi ni wenzangu wanaomwandikia mtu kama huyu levodopa, dawa ya ugonjwa wa Parkinson, kana kwamba kila mtetemeko ni ugonjwa huo. Mtetemeko wa Parkinson kwa kawaida huonekana mkono ukiwa umepumzika, na hupungua mkono unapoanza kazi. Huyu wa zebaki mkono wake hutulia pajani, lakini mpe kikombe cha chai kilichojaa na utaona unavyozidi kutetemeka kadiri kikombe kinavyokaribia mdomo, hadi chai inamwagikia kifuani. Mwambie afumbe macho, uangalie kope zinavyotetemeka. Kisha muulize mkewe, faragha, kama mumewe siku hizi ana hasira za ghafla, anaona haya mbele ya watu na hapati usingizi. Mafundi wa kuchomelea vyuma na manganisi yao, metali iliyomo kwenye moshi wanaouvuta, ni habari nyingine, na wao hukakamaa zaidi ya kutetemeka.

Hata hivyo, mchimbaji anayekunywa gongo anaweza kutetemeka kwa sababu mbili kwa pamoja, na tezi ya shingo, ambayo nayo huweza kuleta mtetemeko, lazima ipimwe. Kipimo cha mkojo hakinitoi shakani, kwa kuwa huonyesha mvuke wa miezi ya karibuni tu: yupo mwenye kiwango kikubwa anayeandika vizuri, na mwenye kiwango kidogo asiyeweza kufunga vifungo vya shati.

Akiacha kuchoma, mara nyingi mtetemeko hupungua baada ya miezi, ingawa kwa aliyechoma miaka mingi huenda usiishe. Asipoweza kuacha, achomee nje, kwenye ritoti, chombo kinachonasa mvuke wa zebaki, iliyofungwa barabara. Na kama alikuwa akichomea jikoni, mkewe na watoto nao waletwe wapimwe.