Mwaka Mzima wa Easofti: Mchezo Ambao Aliyepigwa Hujitoa Mwenyewe

Watu wanaotaka kuingia kwenye easofti, mchezo wa mapambano kwa bunduki bandia, hunijia na swali moja: ninunue bunduki gani? Mimi ni fundi wa bunduki hizi, na siku za mechi mara nyingi ndimi mwamuzi, kwa hiyo wanategemea nitaje modeli fulani. Huwa nawarudisha nyuma. Nunua kinga ya macho kwanza, halafu viatu vinavyoshika kifundo cha mguu, halafu azima bunduki ya mwenzako uichezee miezi michache. Ukishajua kama wewe ni wa kukimbia mbele au wa kulala kichakani ukisubiri, ndipo tutaongea habari za bunduki.

Nawaambia pia wajipe mwaka mzima kabla ya kuamua kama mchezo unawafaa, kwa sababu hauonyeshi sura zake zote kwa mara moja. Bunduki ya gesi iliyokuwa inakwenda vizuri kwenye joto hugoma kwenye baridi. Uwanja uliouzoea ukilowa unakuwa uwanja mwingine. Na mwenzako aliyekuwa mpole asubuhi unaweza kumsikia jioni akifoka kwamba kuna watu wanapigwa na hawatoki. Hilo la mwisho ndilo hasa ninalotaka kulieleza, maana nimeona timu nzuri zikivunjika kwa sababu yake.

Kwa asiyeujua mchezo: easofti ni mapambano ya timu kwa bunduki bandia zinazorusha gololi za plastiki zenye kipenyo cha milimita 6. Ulianzia Japani, nchi yenye sheria kali za silaha, na ukapanda sana baada ya kampuni ya Tokyo Marui kutoa bunduki ya umeme yenye umbo la FAMAS, bunduki ya jeshi la Ufaransa, mwaka 1991. Ndani yake betri huzungusha mota, mota huzungusha gia, gia huvuta pistoni nyuma huku ikibana springi. Springi ikiachiliwa, pistoni hurudi mbele kwa kishindo na kusukuma hewa, na hewa ndiyo inayorusha gololi. Hakuna baruti. Wala hakuna rangi: gololi ikikugonga haiachi alama kwenye nguo kama ilivyo kwenye peintiboli. Ukipigwa unainua mkono, unapaza sauti "Nimepigwa!", unatoa kitambaa chekundu na kuondoka. Mwamuzi hana cha kukagua mwilini mwako. Mchezo wote umejengwa juu ya hilo.

Lakini macho kwanza, kwa sababu hapo sina mjadala na mtu. Kiwango cha Ulaya cha EN 166 hupima miwani ya kinga kwa kuipiga gololi ya chuma ya milimita 6 yenye uzito wa gramu 0.86. Miwani yenye alama F imestahimili gololi hiyo ikienda mita 45 kwa sekunde. Yenye alama B imestahimili mita 120 kwa sekunde. Piga hesabu ya nishati, yaani nusu ya uzito mara mwendo mara mwendo tena: F ni kama jouli 0.87, B ni kama jouli 6.2. Bunduki ya kawaida uwanjani hutoa jouli 1 na ushee pale mdomoni mwa mtutu. Maana yake miwani ya F, ambayo wengi wanayo tayari kwa ajili ya kazi za ufundi, imepimwa kwa nguvu ndogo kuliko ile itakayokuelekea. Tafuta B. Herufi huandikwa kwenye kioo na kwenye fremu, na zikitofautiana, ihesabu ile dhaifu.

Adui mwingine wa macho ni ukungu. Mtu akishindwa kuona, mkono wake hupanda wenyewe kuinua miwani, na hapo ndipo moyo wangu wa mwamuzi husimama. Kioo cha tabaka mbili husaidia, na kifeni kidogo cha betri ndani ya miwani husaidia zaidi. Wapo wanaotumia wavu wa chuma kwa sababu haushiki ukungu; mimi siupendi mbele ya macho, kwani gololi ikipasuka vipande vinaweza kupenya.

Sasa turudi kwenye lile la "nimempiga, hakutoka."

Gololi ya gramu 0.20 ikitoka mita 100 kwa sekunde ina nishati ya jouli 1 kamili. Ni nyepesi mno, na hewa huipunguza mwendo tangu inapotoka mtutuni. Kufika umbali wa mita 50 huichukua zaidi ya sekunde moja. Katika sekunde moja mtu anayekimbia ameshapita mti mzima. Wewe uliyefyatua unaona gololi zikielekea pale alipokuwa, jicho lako linazipoteza dhidi ya majani, na akili inamalizia picha: zimemwingia kifuani. Upande wa pili, gololi iliyofika mbali hivyo imebaki na nguvu kidogo sana. Ikianguka kwenye begi la mgongoni, au kwenye mfuko wa magazini (kasha la kubebea gololi) juu ya fulana nene, wakati mwenye nayo anakimbia, anahema na kupigiwa kelele na wenzake, hawezi kuisikia.

Jumamosi moja nilikuwa nimesimama hatua mbili nyuma ya mshambuliaji aliyekuwa amelala nyuma ya gogo. Mbele yake, kama mita 40, alikuwepo mlinzi wa bendera kwenye kichaka. Jamaa akapiga gololi sita au saba, polepole, kwa nidhamu nzuri. Kutoka pale nyuma nilizifuata kwa macho: zilikwenda sawa, zikapanda kidogo kuelekea mwisho, mbili zikaacha njia na nyingine zikagonga majani mapana yaliyokuwa sentimita chache mbele ya kifua cha mlinzi. Majani yakatikisika. Kutoka pale alipolala, mshambuliaji aliona kifua kikitikisika. Aligeuka kunitazama akiwa na hakika kabisa, na wala hakuwa mwongo. Mlinzi naye hakuwa mwongo.

Kama mshambuliaji angepaza sauti "Toka, mdanganyifu wewe!", siku ingeharibika kwa wote wawili. Kwa hiyo ninapotoa maelekezo ya asubuhi, baada ya kutaja mipaka na ishara ya kusimamisha mchezo, nawaambia wachezaji hivi: hakuna kumwambia mwingine kwamba amepigwa. Ukiwa na shaka, piga tena. Ukiendelea kuwa na shaka, njoo kwangu kimya kimya, nami nitakwenda kusimama karibu na huyo mtu. Wadanganyifu wapo kweli, sikatai, na nimewahi kuwatoa watu uwanjani. Ila mdanganyifu hujirudia, na mwamuzi aliyesimama karibu naye kwa nusu saa humjua. Malalamiko mengi yaliyobaki ni ya gololi kupinda, kugonga jani au kuchelewa kufika.

Kupinda kwa gololi kuna sababu yake, na hapa ufundi unaingia. Mwanzoni mwa mtutu kuna kiraba kidogo kiitwacho hopapu. Kinashuka kidogo juu ya njia ya gololi na kuisugua mgongoni inapopita, nayo inatoka ikizunguka kinyumenyume. Mzunguko huo huivuta hewa ya juu iende haraka kuliko ya chini, na gololi inapata mnyanyuko. Mwanafizikia Mjerumani, Heinrich Gustav Magnus, alieleza jambo hili mwaka 1852, na ndilo linalopinda mpira wa adhabu ukazunguka ukuta wa mabeki. Hopapu ikiwa chafu upande mmoja, mzunguko unalala na gololi inakwenda kushoto au kulia. Bunduki nyingi ninazoletewa zikisemwa "haina nguvu" zina nguvu zote. Mwenyewe amepuliza mafuta ya silikoni mtutuni, raba ikawa telezi, gololi haisuguliwi tena na inaanguka baada ya hatua chache. Natoa mtutu, nasafisha raba kwa spiriti, nakausha, narudisha. Kazi ya muda mfupi, na mtu anaondoka akidhani nimembadilishia springi.

Giaboksi, yaani kasha lenye gia, pistoni na springi, ni habari nyingine, na kwa mgeni nasema usiifungue mwaka wa kwanza bila mtu wa kukusimamia, kwani springi iliyobanwa ikichomoka hurusha vipande vyote chumba kizima. Ukifikia hapo, jifunze kupima hewa kabla ya kununua chochote: weka pistoni ndani ya silinda na kichwa chake, ziba nozeli, yaani ncha ya kutolea hewa, kwa kidole gumba, kisha sukuma. Ikigoma kwenda, hewa haivuji. Ikizama taratibu, tafuta pete ya mpira iliyolegea au iliyokauka. Watu hununua springi ngumu kufidia hewa inayovuja, na springi hiyo hula meno ya pistoni na gia.

Betri za lithiamu polima zinahitaji heshima. Seli moja ina volti 3.7 za kawaida, hujaa kwenye 4.2, na ikishuka chini ya 3.0 huharibika. Baada ya mechi usiiache imejaa wala imekwisha. Karibu volti 3.8 kwa seli ndiyo hali ya kuihifadhi. Iliyovimba isichajiwe tena hata mara moja. Bunduki za gesi nyingi hutumia propani iliyochanganywa na mafuta ya silikoni, na shinikizo lake hufuata hali ya hewa: kutoka nyuzi 20 hadi nyuzi 0 linapungua karibu nusu. Ndiyo maana mwenye bastola ya gesi huonekana ameweka magazini ndani ya koti wakati wa baridi.

Kuhusu nguvu, nchi zimeamua tofauti. Japani iliweka kikomo cha chini ya jouli 0.99 kwa gololi za milimita 6 katika sheria yake ya mwaka 2006. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 2017, inaruhusu jouli 1.3 kwa bunduki inayopiga mfululizo na 2.5 kwa inayopiga moja moja. Sioni ubaya wowote kwenye vikomo vya chini. Mtu asiyeweza kuongeza nguvu hulazimika kutunza mtutu, raba na gololi zake, na usahihi hupatikana hapo.

Uingereza ina jambo jingine ninalolipenda. Sheria ya mwaka 2006 ya kupunguza uhalifu wa vurugu ilizuia uuzaji wa bunduki bandia zinazofanana na za kweli, ila ikawaachia wachezaji wa easofti nafasi ya kujitetea. Wauzaji wakaanzisha sajili inayoitwa UKARA. Ili uandikwe, ni lazima uwe umecheza angalau mara tatu katika uwanja unaotambulika, kwa kipindi kisichopungua siku 56, na uandikishaji unafanywa upya kila mwaka. Wenye uwanja ndio wanaothibitisha kwamba wewe ni mchezaji. Ndivyo ilivyo hata pasipo na sajili: jamii ya mchezo hukujua kwa kukuona ukiinua mkono wako, tena na tena, wakati hakuna aliyekuwa anakutazama. Mtu wa namna hiyo huazimwa bunduki, hupewa magazini katikati ya mechi, hupigiwa simu nafasi ikipatikana kwenye gari.

Jamii hiyo pia ndiyo inayoulinda mchezo nje ya uwanja. Marekani bunduki za kuuzwa hutakiwa kuwa na ncha ya rangi ya chungwa, na bado hakuna polisi wala jirani anayeweza kuwa na hakika kwa kuangalia kutoka mbali. Kwa hiyo bunduki husafiri ndani ya begi lililofungwa, betri ikiwa imetolewa, na hutolewa ukishaingia eneo salama. Hakuna kupiga nayo picha barabarani. Kikundi kinachomvumilia mwenzao anayefanya hivyo kinajitafutia kufungiwa uwanja.

Gololi zinazobaki ardhini zinanisumbua pia. Nyingi zinazoitwa za kuoza zimetengenezwa kwa PLA, plastiki itokanayo na mimea, ambayo huoza vizuri kwenye joto la mitambo ya mboji lakini msituni huchukua muda mrefu. Zitumieni, ni bora kuliko zile nyingine, ila msizimwage ovyo mkidhani zitatoweka mvua ikinyesha.

Ombi langu kwa waandaaji kwa msimu unaokuja ni moja. Asubuhi wengi wetu tunapima bunduki kwa gololi za gramu 0.20 za mwamuzi, kisha mchezaji anaingia uwanjani na zake za 0.30 au 0.40. Kwenye bunduki ya gesi, au ya umeme yenye silinda kubwa kuliko mtutu unavyohitaji, gololi nzito hukaa zaidi mtutuni, hewa inaendelea kuisukuma, na inatoka na nishati kubwa kuliko ile tuliyopima. Tupime kwa gololi zilezile zilizo kwenye magazini ya mchezaji, hopapu ikiwa pale atakapoitumia, na tusome jouli badala ya mwendo. Kronografu nyingi, yaani vipima mwendo wa gololi, huonyesha jouli zenyewe ukishaingiza uzito wa gololi. Foleni itarefuka kidogo, na wachezaji wataivumilia wakielezwa sababu kabla hawajapanga.