Fidia ya jeraha kazini: pesa za mwajiri hupotelea wapi

Wenye viwanda vya mbao huku Elburgon na Molo, Kenya, huniuliza jambo moja bima inapokaribia kuisha: ada itashukaje? Mimi huomba daftari la ajali kwanza. Mara nyingi nakuta mstari mmoja tu: "Amejikata kidole, amepelekwa hospitali." Saa ngapi? Msumeno upi? Kinga ilikuwepo? Nani aliona? Kimya. Pesa zimeanza kuvuja hapo.

Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007, hii tunayoiita WIBA, inampa mwajiri siku 7 kumripotia mkurugenzi wa usalama na afya kazini. Mtu akifariki, ni saa 24. Wapo wanaomtuma majeruhi nyumbani na elfu mbili mkononi wakidhani yamekwisha. Yeye ana miezi 12 ya kudai. Dai likija mwezi wa kumi, shahidi ameshahamia Eldoret, na kampuni ya bima inauliza kwa nini haikuambiwa mapema.

Matibabu ya nusunusu ndiyo ghali kuliko yote. Fidia ya ulemavu wa kudumu ni mapato ya miezi 96 mara asilimia ya ulemavu. Anayelipwa 20,000 kwa mwezi, daktari akimpima asilimia 10, hupata 192,000. Mkono ukiachwa ukakakamaa kwa kukosa fiziotherapia, akapimwa asilimia 25, ni 480,000. Unabania nauli ya kliniki, kisha unalipa laki mbili na themanini na nane zaidi!

Na akiwa bado hawezi kazi, malipo yanayolingana na mapato yake yanaendelea, hadi miezi 12. Ndiyo maana nasisitiza kazi nyepesi: ahesabu mbao getini, ashike daftari la stoo. Lakini daktari akubali kwanza, kwa maandishi. Kumrudisha kwenye randa na bendeji mkononi ni kutafuta ajali ya pili.

Barua ya wakili wa majeruhi, ya kutishia kukushtaki, isikutoe jasho. Mahakama ya Juu iliamua Desemba 2019 kwamba dai huanzia kwa mkurugenzi, si mahakamani.

Kuna ujanja mmoja nisioushiriki, wa kuwaacha vibarua nje ya orodha ya mishahara ili ada iwe ndogo, kwa kuwa ada hukadiriwa kwa jumla ya mishahara. Kibarua naye ni mfanyakazi. Akiumia na jina lake halimo, tarajia bima ikatae, na fidia itoke mfukoni mwako.