Kabla ya Kupiga Kamari Marufuku, Tazama Kasi Yake

Mjadala wa kamari ya mtandaoni nchini Kenya hupamba moto wiki mbili tatu, kisha hupoa hadi mwanafunzi mwingine ateketeze karo. Wapo wanaotaka ipigwe marufuku, wapo wanaotaja kodi na ajira. Pande zote huizungumzia kamari kana kwamba ni kitu kimoja, na sisi tunaotoa elimu ya fedha tunaona sivyo.

Chukua mkeka wa mechi kumi, yaani dau moja linalolipa tu ukibashiri mechi zote sawasawa. Tuseme kampuni imejikatia asilimia 5 katika odi (viwango vya malipo) za kila mechi. Mechi zikiunganishwa, makato nayo huzidishana: katika kila shilingi 100, wachezaji hurudishiwa kwa wastani kama 60 tu. Ni biashara mbovu kabisa. Lakini mkeka huo huanza Jumamosi mchana na kuisha usiku, na aliyechanikiwa mkeka, yaani aliyepoteza, amelala na hasara ya shilingi 100.

Sasa tazama Aviator, ule mchezo wa kamari wa mtandaoni wenye ndege. Namba inayozidisha dau lako inapanda, 1.10, 1.50, 2.00, nawe utoe pesa kabla ndege haijatoweka. Watengenezaji hutangaza kwamba hurudisha asilimia 97 ya dau. Asilimia 3 inaonekana si kitu. Ila duru nyingi huisha kwa sekunde chache, na nyingine inafuata papo hapo. Anayeweka shilingi 100 kwa duru 120 amezungusha shilingi 12,000, pengine kwa saa moja, na fungu la kampuni kwa wastani ni 360. Huo ni wastani. Wapo wanaokwisha kabla chai haijapoa. (Wanaouza "utabiri" wa ndege Telegram wanauza hewa. Duru haikumbuki iliyotangulia.)

Marufuku tuliijaribu nusunusu. Julai 2019 serikali ilikataa kuhuisha leseni za kampuni 27 na kuiagiza Safaricom ifunge nambari zao za Paybill, za kupokea malipo ya M-Pesa. SportPesa na Betin zikafunga shughuli, klabu za soka za Gor Mahia na AFC Leopards zikapoteza mdhamini, wanaobeti wakahamia kampuni zilizobaki. SportPesa ilirejea mwaka uliofuata. Hata hivyo, wanaosema kamari haizuiliki hulipita haraka jambo moja: mlango wa M-Pesa ulipofungwa, hata kampuni kubwa haikumaliza miezi mitatu.

Sheria ya Kudhibiti Kamari ya 2025, iliyotiwa saini Agosti, imeunda mamlaka mpya na kuweka dau la mtandaoni lisilopungua shilingi 20. Kiwango hicho huenda kikamzuia mtoto mwenye sarafu, lakini hakimpunguzii kasi mtu mzima aliyenaswa. Uingereza ilianza na kasi yenyewe: tangu Oktoba 2021, mzunguko mmoja wa sloti (mashine za kamari) za mtandaoni hauwezi kuwa chini ya sekunde 2.5, na Januari 2025 michezo mingine ya kasino ikawekewa sekunde 5. Ukomo wa dau la sloti ukafuata Aprili: pauni 5, kisha pauni 2 kwa wenye miaka 18 hadi 24. Anayetaka kujizuia hujiandikisha mara moja GAMSTOP, mfumo wa pamoja wa kujizuia kamari, na kila kampuni ya mtandaoni yenye leseni hulazimika kumfungia.

Kwetu hilo lingekuwa rahisi zaidi, maana akaunti nyingi za kubeti zimefungamana na laini ya simu iliyosajiliwa kwa kitambulisho. Pengo ni tovuti zisizo na leseni zinazopokea sarafu za kidijitali. Huko kufunga Paybill hakusaidii. Kwa sasa, anayetaka kuacha aiandikie kila kampuni anayochezea aombe akaunti ifungwe, na mshahara wake uingie kwenye Sacco au benki ambayo hajaiunganisha na simu.