Rais Anaposali Hadharani: Maoni ya Mwanasheria Asiyeamini

Jumapili ya tarehe 22 Machi 2020, Rais John Magufuli alisimama mbele ya waumini katika kanisa mjini Dodoma akasema kwamba hatafunga nyumba za ibada, kwa kuwa humo ndimo ulimo uponyaji wa kweli, na kwamba korona ni shetani asiyeweza kuishi katika mwili wa Kristo. Siku hiyo hiyo jijini Nairobi, Waziri wa Afya Mutahi Kagwe alitangaza kusitishwa kwa ibada makanisani na misikitini, kufungwa kwa baa, na kusimamishwa kwa safari za ndege za kimataifa kuanzia tarehe 25. Jambo linalosahaulika ni kwamba siku moja kabla ya tangazo hilo Rais Uhuru Kenyatta alikuwa ameongoza maombi ya kitaifa katika Ikulu, pamoja na viongozi wa dini mbalimbali.

Ninafundisha sheria ya katiba, na siamini kwamba Mungu yupo. Wanaolijua hilo la pili hutarajia niyalaumu matukio yote mawili kwa kiwango kimoja, kwa kuwa katika kila moja mkuu wa nchi alimtaja Mungu mbele ya taifa. Mimi naona yanatofautiana sana. Uhuru alisali, kisha serikali yake ikaamua kwa kufuata sababu ambayo raia yeyote, awe muumini au asiwe, angeweza kuihoji: virusi huenea watu wanapokusanyika, kwa hiyo mikusanyiko isitishwe. Hatua zenyewe zilikuwa na kasoro, na namna polisi walivyoisimamia amri ya kutotoka nje usiku ilikuwa aibu kwa nchi, lakini Chama cha Wanasheria cha Kenya kiliweza kuipeleka amri hiyo mahakamani na ikajadiliwa kwa hoja. Dodoma, imani yenyewe ndiyo iliyotolewa kuwa sababu ya milango kubaki wazi. Ni haki kukumbusha kwamba serikali ya Magufuli ilikuwa imezifunga shule na vyuo wiki hiyo hiyo, na kwamba yeye mwenyewe alikuwa pia na hoja ya kiuchumi, yaani hofu kwamba mtu anayeishi kwa kibarua cha kila siku angekufa njaa kabla ya kuugua. Hoja hiyo niliiona nzito wakati ule na bado naiona nzito. Hata hivyo, ilipofika Juni 2020 na Rais akatangaza kwamba Mungu ameiondoa korona, takwimu za wagonjwa zilikuwa zimeacha kutolewa, na raia mwenye shaka hakuwa na chochote cha kushika ili apinge.

Mtu aliyesoma katiba peke yake angebashiri kinyume cha yaliyotokea. Ibara ya 3 ya Katiba ya Tanzania ya 1977 inaieleza Jamhuri ya Muungano kuwa nchi isiyokuwa na dini. Utangulizi wa Katiba ya Kenya ya 2010, kwa upande wake, unaanza kwa kukiri ukuu wa Mwenyezi Mungu, ingawa ibara ya 8 inasema hakutakuwa na dini ya taifa. Kilicholeta tofauti, kwa maoni yangu, ni mazoea ya kutoa sababu. Mwalimu Nyerere alikuwa Mkatoliki wa kwenda misa kwa bidii, kiasi kwamba Kanisa limefungua mchakato wa kumtangaza mtakatifu, lakini Azimio la Arusha la 1967 linaanza kwa kutamka kwamba binadamu wote ni sawa, halimtaki msomaji awe na dini fulani ndipo akubali au akatae, na watu wengi walilikataa kwa sababu zao nzuri tu.

Kwa hiyo yapo mengi ninayoyapokea bila kinyongo. Rais Samia Suluhu Hassan alipokuwa akihutubia katika maziko ya kitaifa ya mtangulizi wake mjini Dodoma, mwaka mmoja kamili baada ya Jumapili ile, adhana ilisikika naye akanyamaza hadi ilipokwisha. Sikuona kosa lolote, kwani alikuwa akiiheshimu imani yake bila kumdai mwingine chochote. Kiapo nacho hakinisumbui. Jedwali la Tatu la Katiba ya Kenya linamruhusu rais kuapa kwa kumwomba Mungu amsaidie, au kuthibitisha kwa dhati bila kumtaja Mungu, na maadamu njia ya pili ipo kisheria, William Ruto kushika Biblia pale Kasarani mwezi Septemba 2022 lilikuwa chaguo lake halali.

Waumini ninaojadiliana nao hunijibu kwamba imani si koti la kuvuliwa mlangoni mwa ofisi, na kwamba namdai kiongozi awe mnafiki. Sehemu ya jibu lao naikubali: kiongozi anaweza kuchukia rushwa kwa sababu ya dini yake, na sina haja ya kumuuliza chuki hiyo ilitoka wapi. Ninachodai ni kwamba anapotunga sera aeleze pia sababu inayoweza kumfikia asiye wa dhehebu lake. Wala dai hili si la wasioamini peke yao. Mwislamu wa Tanga aliyeambiwa kwamba virusi haviwezi kuishi katika mwili wa Kristo alikuwa nje ya hoja ile kama nilivyokuwa mimi.

Jambo linalonitia wasiwasi zaidi nchini Kenya ni mimbari. Mwanasiasa akizungumza bungeni hupingwa papo hapo, ilhali kanisani huzungumza mbele ya watu walioketi kimya kwa heshima ya mahali, kisha huacha bahasha. Kanisa la Anglikana lilitambua hatari hiyo mwaka 2021, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit alipowapiga wanasiasa marufuku kuhutubia katika ibada. Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi likaamuru pesa alizotoa Rais Ruto katika parokia ya Soweto zirudishwe. Miezi michache baadaye Rais aliahidi shilingi milioni 20 kwa kanisa moja la Roysambu, na vijana wakaandamana wakiuliza pesa hizo zimetoka wapi. Nafurahi kuona kwamba wengi waliolipinga jambo hili ni waumini, na kwamba walikuwa wepesi kuliko sisi wanasheria.

Julai 2025 liliibuka suala la kanisa katika Ikulu. Rais alieleza kwamba alikuta kanisa la mabati, kwamba anajenga lingine kwa pesa zake, na kwamba haombi radhi. Mjadala mwingi uliishia kwenye gharama, na hapo ndipo ninapotofautiana na wakosoaji wenzangu. Hata kama kila shilingi ni yake, ardhi ya Ikulu ni ya umma, na jengo la kudumu litabaki pale atakapoondoka, huku mrithi wake akiwa pengine Mwislamu wa Garissa au mtu asiye na dini. Kabla ya kuhesabu mifuko ya saruji, ningependa kuonyeshwa ni mamlaka gani yanayomruhusu mpangaji wa muda kujenga nyumba ya ibada ya dini moja juu ya ardhi hiyo, na yanapatanishwaje na ibara ya 8.