Mwalimu tarajali, kabla hujawasha projekta jua kwanza darasa linakwama wapi

Msimu wa mafunzo kwa vitendo ukikaribia walimu tarajali ninaowafundisha wananijia na swali moja, mwalimu nitumie app gani? Na nawaelewa kabisa, maana wameshafundishwa kutengeneza slaidi, wameshaonyeshwa kwizi za kwenye simu, wameshajaribu video, na sasa wanaenda kusimama mbele ya watoto wenyewe huku msimamizi kakaa nyuma na fomu yake ya tathmini, na kwenye fomu kuna sehemu imeandikwa matumizi ya teknolojia. Ila mimi huwa nawarudishia swali: unafundisha mada gani na watoto wanakwama wapi kwenye hiyo mada? Kama hana jibu la hilo basi app tutaongea baadaye.

Sisemi hivi kwa kupenda kusumbua watu. Mwaka 1986 mtafiti wa elimu Lee Shulman aliandika kwamba mwalimu ana aina ya ujuzi ambayo mtaalamu wa somo asiyefundisha hana, yaani anajua mada ipi inawachanganya watoto, wanaielewaje vibaya, na mfano gani unawafungua. Mwanafizikia mzuri anaweza kujua umeme wote na bado asijue kwa nini mtoto wa darasa anadhani umeme "unaisha" kwenye balbu ya kwanza. Miaka 20 baadaye, 2006, Punya Mishra na Matthew Koehler wakaongeza teknolojia kwenye wazo hilo hilo, wakasema ujuzi wa mada, ujuzi wa kufundisha na ujuzi wa teknolojia haviishi kila kimoja na chumba chake, ile sehemu vinapokutana ndo kazi ya mwalimu inapofanyika. Watu wa fani wanaiita TPACK, kifupi cha Kiingereza cha ujuzi huo wa teknolojia, kufundisha na mada kwa pamoja, na vyuo vingi wanaichora kwenye duara tatu zinazopishana, wanafunzi wanakariri duara, mtihani unapita, na hapo inaishia. Mimi naona duara hazimsaidii mtu mpaka azione ndani ya somo moja, kwa hiyo ngoja tuchukue hiyo hiyo ya balbu.

Chukua balbu mbili zinazofanana, ziunge kwenye mstari mmoja na betri, halafu kabla ya kuwasha uliza darasa ipi itawaka zaidi. Wengi watakwambia ya kwanza, maana kwao umeme unatoka kwenye betri, ya kwanza inakula, ya pili inapata mabaki. Ukiwasha zinawaka sawa. Sasa shida ya balbu halisi ni kwamba mtoto anaona mwanga tu, haoni kinachopita kwenye waya, na pia balbu halisi hazifanani sawasawa, moja ikiwa hafifu kidogo tu mtoto anasema si unaona, nilisema mimi. Kwenye simulesheni za PhET, yaani majaribio ya kuigiza kwenye kompyuta, zile za Chuo Kikuu cha Colorado Boulder alizozianzisha Carl Wieman mwaka 2002, unajenga saketi hiyo hiyo na unaona elektroni, zile chembe ndogo zinazobeba umeme, zikitembea, zinaingia kwenye balbu na kutoka kwa mwendo ule ule, hakuna zilizoliwa. Mwaka 2005 kikundi cha watafiti wakiongozwa na Noah Finkelstein walilinganisha wanafunzi wa chuo waliojifunza saketi kwa simulesheni na waliotumia vifaa vya maabara, na wale wa simulesheni wakafanya vizuri zaidi kwenye maswali ya kuelewa, na hata walipopewa waya na balbu halisi wajenge saketi wenyewe.

Lakini angalia kilichofanya kazi pale. Ni kwamba kifaa kilionyesha kile kitu hasa kisichoonekana kwa macho, na ndo kile kile kinachowakwamisha. Mtafiti wa elimu Richard Clark aliwahi kuandika mwaka 1983 kwamba chombo cha kufundishia ni kama lori linaloleta vyakula, lori halibadilishi lishe yako, vyakula ndo vinabadilisha. Nakubaliana naye kwa sehemu kubwa, ila kwenye mada kama hii ya saketi naona kifaa kinaongeza kitu ambacho ubao unapata taabu kukitoa, nacho ni mwendo, na mtoto kubadilisha kitu kwa mkono wake akaona matokeo papo hapo.

Na hata hapo usikimbilie kubonyeza. Watoto watabiri kwanza, na utabiri wauandike kwenye daftari pamoja na sababu, ndipo watazame, ndipo waeleze kwa nini walichoona kimetofautiana na walichoandika. Hiki cha kuandika kwanza walimu tarajali wengi wanakiruka kwa sababu muda unabana na simulesheni inavutia, halafu ukiuliza mwisho wa kipindi kila mtoto anasema alijua toka mwanzo. Utabiri ulioandikwa haumwachii nafasi hiyo, anauona pale mbele yake na inabidi apambane nao.

Hesabu nayo ina mahali pake. Milinganyo ya mstari, y = mx + c, ambapo m ni mwinamo na c ni pale mstari unapokata mhimili wa y, watoto wanachanganya m na c vibaya sana, wengi wanadhani m ikiongezeka mstari "unapanda juu" wote kwa pamoja. Ukiweka GeoGebra, ile programu aliyoianza Markus Hohenwarter kule Salzburg mwaka 2001, unawapa kitelezi cha m na kitelezi cha c, yaani vitufe vya kuvuta kwenye skrini, wanavuta m wanaona mstari unazunguka kwenye ile nukta unapokata mhimili wa y, wanavuta c ndo unapanda na kushuka bila kubadilisha mwinamo. Ubaoni ungechora mistari sita na mkono ungekuchoka na bado mtoto angeona mistari sita tofauti, asione mstari mmoja unaobadilika. Hapo teknolojia imejilipia. Ila kuchora grafu kutoka kwenye jedwali la namba, hiyo mimi nataka mtoto aifanye kwa penseli na rula, maana uelewa wenyewe upo kwenye kupanga nukta moja moja.

Sasa slaidi. Hizi ndo zinatumika kuliko kitu kingine chochote na ndo zinanipa wasiwasi zaidi ninapokaa nyuma ya darasa. Mwalimu tarajali anaweka aya nzima ukutani, halafu anaisoma neno kwa neno, na watoto huku wanajaribu kuinakili daftarini, kazi tatu kwa wakati mmoja. Richard Mayer amefanya utafiti wa miaka mingi kuhusu namna watu wanavyojifunza kwa maneno na picha, na kimojawapo alichokiona ni kwamba picha pamoja na maelezo ya mdomo vinafundisha vizuri kuliko picha, maelezo ya mdomo na maandishi yale yale yote pamoja. Maandishi yanagombania macho na picha. Kwa hiyo weka mchoro mmoja mkubwa, ongea wewe, na maneno yabaki machache ya kutaja sehemu, yakae karibu kabisa na sehemu yenyewe siyo kwenye orodha pembeni. Yale maua na vikaragosi vinavyoruka toa vyote, najua vinapendeza na umekaa navyo usiku kucha, ila havihusiani na mada na vinaiba umakini.

Kitu ninachokipenda kuliko vyote ni maswali ya kuchagua ya katikati ya kipindi, kwa sababu ndo yanakupa wewe mwalimu taarifa. Lakini swali lenyewe litungwe vizuri. Mfano nusu jumlisha theluthi. Majibu ya kuweka: 2/5, 5/6, 1/6, 2/6. Kila jibu baya hapo lina stori yake, anayechagua 2/5 amejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, wa 1/6 amezidisha, wa 2/6 amepata asili ya pamoja vizuri kabisa akasahau kubadilisha namba za juu. Yaani ukiangalia tu darasa limegawanyikaje unajua ufundishe nini dakika ijayo. Ukiweka majibu ya kubuni buni, 7/9 sijui 11/4, asilimia ngapi wamekosa utajua, kwa nini wamekosa hutajua. Na kuna zawadi imejificha kwenye swali hili, majibu yote matatu mabaya ni madogo kuliko nusu! Waulize, tulianza na nusu, tukaongeza kitu, inakuwaje tumebaki na kidogo kuliko tulichoanza nacho? Nyamaza hapo. Waache wabishane.

Kunyamaza nako kunafundishwa. Mtafiti Mary Budd Rowe aligundua kwamba walimu wakishauliza swali wanangoja kama sekunde moja hivi kabla hawajaita mtu au kujijibu wenyewe, na wakisubiri sekunde 3 au zaidi majibu yanakuwa marefu, yenye sababu, na watoto wengi zaidi wanashiriki. Ndo maana programu za kwizi zinazotoa pointi nyingi kwa anayewahi mimi siziamini kwa mada mpya. Muziki unadunda, saa inarudi nyuma, mtoto anayefikiri polepole anajifunza kubahatisha. Kwa marudio ya msamiati sawa, furahini. Kwa dhana mpya zima hiyo saa, programu nyingi zina mahali pa kuizima, itafute kabla ya kuingia darasani.

Najua unachotaka kuniuliza, wanafunzi wangu hawana vifaa. Eric Mazur, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard, alianza mwanzoni mwa miaka ya 1990 mtindo wa kuuliza swali, kila mtu anachagua jibu peke yake, wanajadiliana na jirani, wanachagua tena. Vipo vifaa vidogo vya kupigia kura vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo, lakini mwaka 2008 Nathaniel Lasry alilinganisha vifaa hivyo na kadi za kawaida za kunyanyua mkononi na hakuona tofauti ya maana kwenye uelewa wa wanafunzi. Kadi za karatasi! Faida ya kifaa ni kwamba kinakuhifadhia kumbukumbu. Katikati ya hivyo viwili kuna Plickers, kila mtoto ana kadi iliyochapishwa yenye alama yake, anaigeuza kulingana na jibu, wewe unapitisha kamera ya simu yako moja darasa zima na majibu yanaingia kwa jina. Simu moja tu, ya mwalimu. Wakati wa kujadiliana ukifika, Mazur na wenzake wanashauri mjadala uwepo pale waliopata jibu sahihi kwenye kura ya kwanza wakiwa kati ya asilimia 30 na 70 hivi, chini ya hapo hakuna wa kumfundisha mwenzake kwa hiyo rudi wewe ueleze upya, juu ya hapo songa mbele.

Halafu kuna kukatika umeme, intaneti kugoma, projekta kukataa laptopu yako. Simulesheni za PhET unaweza kuzipakua ukazifungua bila intaneti, video ihifadhi kwenye laptopu yenyewe siyo linki, na kila sehemu ya andalio la somo inayotegemea kifaa iandikie pembeni utafanya nini bila hicho kifaa. Ukiona huwezi kuandika chochote pembeni, somo hilo bado hulijui vya kutosha. Na ukifika shuleni nenda darasani na laptopu yako siku moja kabla, washa, simama dawati la mwisho uone kama maandishi yanasomeka.

Akili bandia sasa, maana toka ChatGPT itoke Novemba 2022 maandalio ya somo ninayoletewa yamekuwa marefu na mazuri kwa lugha. Itumie, sikatazi. Iombe ikutungie maswali ishirini ya sehemu halafu kaa uyachambue, lipi lina majibu mabaya yenye maana na lipi halina, hesabu zake zikague zote moja moja kwa sababu inakosea kwa kujiamini. Lakini andalio zima usiiachie, haijawahi kumwona mtoto wako wa dawati la tatu anayeandika 2/5 kila siku, wewe ndo umemwona. Na majina ya watoto na alama zao usiyaingize humo hata kidogo.

UNESCO wana mwongozo wa umahiri wa walimu kwenye TEHAMA, toleo la 2018 lina umahiri 18 uliopangwa kwenye maeneo sita, na kati ya hayo sita ni moja tu linalohusu ujuzi wenyewe wa kutumia vifaa, mengine ni sera, mtaala na upimaji, namna ya kufundisha, uendeshaji wa darasa na shule, na mwalimu kujiendeleza. Waonyeshe wasimamizi wako pia hilo, wako wanaotoa alama kwa kuwa projekta iliwaka tu, na mwalimu tarajali aliyetumia kadi za karatasi kwa akili kubwa anatoka na sifuri kwenye kisanduku hicho. Hilo mimi linaniuma kweli.

Kwa hiyo kwa mazoezi haya yanayokuja ninachowaomba vijana wangu ni wachague kifaa kimoja tu na mada moja ambayo wanajua watoto wanakwama, wafundishe wenzao kwanza hapa chuoni kwa dakika kumi, wenzao wajifanye watoto na watoe yale majibu mabaya kwa makusudi, halafu kwenye andalio, pale penye zana za kufundishia, badala ya kuandika "laptopu na projekta" waandike sentensi kamili: wanafunzi wanadhani umeme unaisha kwenye balbu ya kwanza, simulesheni itawaonyesha elektroni zinatoka kama zilivyoingia, nitajua wameelewa wakitabiri sawa kwa balbu tatu.