Presha ndani ya paja lililovunjika: yanayoaminiwa na yaliyo kweli

Mfupa wa paja ukivunjika, mawazo ya wengi huenda kwenye mfupa wenyewe: umekatika wapi, utaungwa kwa chuma au kwa kuvutwa kwa uzito, mgonjwa atasimama lini. Hata hivyo, hatari inayoweza kumpotezea mtu mguu ndani ya saa chache wakati mwingine haimo mfupani, bali imo katika misuli iliyouzunguka, ambayo imefungwa ndani ya utando mgumu usiotanuka kwa urahisi. Paja lina vyumba vitatu vya namna hiyo: cha mbele, cha nyuma na cha upande wa ndani. Damu inayovuja kwenye mvunjiko, ambayo inaweza kuzidi lita moja, ikiungana na uvimbe wa misuli iliyopondeka, hujaza chumba, presha ikapanda, na vimishipa vidogo vikabanwa hadi misuli ikakosa oksijeni. Kuipima presha hiyo ni kazi ya dakika chache, lakini imezungukwa na dhana zinazochelewesha tiba, yaani upasuaji wa kuuchana utando ili presha ishuke.

“Mapigo yanasikika mguuni, kwa hiyo damu inafika.”

Hii ndiyo dhana ninayoiogopa kuliko zote, kwa sababu inamtuliza kila mtu aliye kando ya kitanda. Ateri kubwa, yaani mishipa inayotoa damu moyoni, hubeba damu kwa nguvu nyingi; kwa mtu mzima mwenye afya, namba ya juu ya presha huwa karibu milimita 120 za zebaki. Misuli, kwa upande wake, hulishwa na kapilari, yaani vile vimishipa vidogo, ambazo presha yake ni ndogo mno na hubanwa mapema. Chumba kilichofikia milimita 50 kinaweza kuwa kinaua misuli huku mapigo yakigonga vizuri chini ya kidole cha muuguzi kwenye unyayo, na vidole vya mgonjwa vikiwa na joto lake la kawaida. Mapigo yakishapotea, ama muda mwingi umekwisha kupita ama ateri yenyewe imejeruhiwa.

Dalili ya mapema ni maumivu: yanayopita kiasi cha jeraha, yasiyotulizwa na dawa, na yanayozidi misuli inaponyooshwa na mtu mwingine. Kwa chumba cha mbele, misuli hunyooshwa kwa kukunja goti. Hapa ndipo paja lilipo na ugumu wake, kwani mwenye mfupa uliovunjika huumia kwa kila mguso, na si rahisi kutenganisha maumivu ya mfupa na ya misuli inayokosa damu. Aliyepoteza fahamu, aliyechomwa ganzi ya neva au mtoto mdogo hawezi hata kueleza. Kwa watu hao kipimo kina thamani kubwa zaidi.

“Ikizidi 30 apasuliwe, isipofika 30 aachwe.”

Chumba cha misuli iliyotulia kwa kawaida huwa chini ya milimita 10, na kwa miaka mingi madaktari walitafuta namba moja ya kuamulia. Lakini namba ya chumba peke yake haisemi lolote mpaka ilinganishwe na presha ya damu inayojitahidi kuingia humo. Kinachotazamwa ni tofauti kati ya namba ya chini ya presha ya damu na presha ya chumba; ikiwa chini ya milimita 30, na hasa ikibaki hivyo, misuli iko hatarini. Chukua mgonjwa mwenye presha ya 140/90 na chumba cha 40: tofauti ni 50, na anaweza kuangaliwa kwa karibu. Mwingine amepoteza damu nyingi, presha yake ni 85/50 na chumba chake ni 28: tofauti ni 22 tu. Kwa kanuni ya namba moja, wa pili angeambiwa yuko salama.

Kipimo hiki cha tofauti kilipata nguvu mwaka 1996, kupitia utafiti wa madaktari wa mifupa McQueen na Court-Brown wa Edinburgh, Uskoti, kwa wagonjwa 116. Inafaa isemwe wazi kwamba wagonjwa hao walivunjika mfupa wa muundi, si wa paja. Tunapoitumia kanuni hiyo pajani, tumeiazima. Pia mgonjwa akiwa katika usingizi wa dawa za upasuaji, namba ya chini ya presha hushuka, na tofauti ikaonekana mbaya kuliko ilivyo, ndiyo maana ni busara kutazama pia presha aliyokuwa nayo kabla ya kulazwa usingizi. Kipimo kimoja kinaweza kudanganya pande zote mbili. Mwelekeo wa vipimo kadhaa, ukisomwa pamoja na dalili, ndio unaoaminika.

“Ni kuchoma sindano popote na kusoma namba.”

Kifaa cha kupimia presha, kilichounganishwa na sindano, huwekwa kwenye sifuri kikiwa usawa wa chumba kinachopimwa, maana kukishusha au kukiinua hubadilisha namba. Sindano huingia karibu na mvunjiko, ambako presha huwa juu zaidi, ikapenya ngozi na kisha utando, ambao mkono huusikia ukiachia ghafla. Tone dogo la maji ya chumvi husukumwa ili kuzibua ncha, kisha mpimaji husubiri namba itulie. Akiibonyeza misuli kwa kidole, namba inapaswa kupanda na kushuka tena. Isipofanya hivyo, ncha haipo panapotakiwa. Kila chumba hupimwa peke yake.

“Mfupa umetoboa ngozi, presha imeshatoka.” Hapana. Tundu hilo mara nyingi hufungua sehemu ndogo ya chumba kimoja, na vingine hubaki vimefungwa.

“Mguu uinuliwe juu kabisa.” Tatizo likishashukiwa, mguu huwekwa usawa wa moyo, kwa sababu kuuinua zaidi hupunguza nguvu ya damu inayoingia. Bandeji na kila kinachobana hulegezwa mara moja.

“Kuchana utando ndiko kunakoharibu mguu.”

Kovu ni refu, na kidonda huachwa wazi kwa siku kadhaa kabla ya kufungwa, pengine kwa kupandikiza ngozi. Lakini misuli iliyokosa damu huanza kuharibika bila kurudi baada ya takriban saa 4 hadi 6, na ikipita saa 8 kwa kawaida imekufa; sumu zake huingia kwenye damu na kuziumiza figo. Mpasuo mmoja upande wa nje wa paja hufungua chumba cha mbele na cha nyuma. Kisha chumba cha ndani hupimwa upya palepale mezani, na kisiposhuka nacho hufunguliwa kwa mpasuo wake.